Gofu, Safina na Mnyororo: Merikebu za Wafungwa katika "Great Expectations" na Msomaji wa Karagwe

Atakaye kukifasiri kwa Kiswahili kitabu cha Charles Dickens kiitwacho Great Expectations, kilichotolewa kwa mafungu tangu Desemba 1860 hata Agosti 1861, atakwama mapema katika jambo moja: merikebu kuukuu zilizofanywa kuwa magereza. Msomaji wa pwani amepata kuona chombo kibovu kilichotiwa nanga kisisafiri tena. Msomaji wa Karagwe na Kyerwa, ambaye maji yake makubwa ni mto Kagera na chombo chake ni mtumbwi, uitwao obwato kwa Kinyambo, hana mfano huo.

Asili ya merikebu hizo ni vita vya Marekani, vilivyofunga njia ya kuwapeleka wahalifu ng'ambo. Mwaka 1776 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya miaka miwili tu, nao wakawekwa katika vyombo vilivyokwisha kazi kwenye mto Thames, huko Woolwich. Mchana waliteremshwa na pingu miguuni kuchimba mchanga wa mtoni na kujenga kingo zake. Usiku walirudishwa kulala majini. Jambo hilo la muda lilidumu Uingereza hata 1857.

Kwa hiyo kusema "meli ya wafungwa" ni kupotosha, kwa kuwa meli husafiri, na msomaji atadhani watu wanapelekwa mahali. "Gofu la merikebu" ni bora zaidi. Yaweza kusemwa kwamba gofu huwa tupu, hali vyombo hivyo vilijaa mamia ya watu. Lakini hapo ndipo penye nguvu ya neno: msomaji na ashtuke kuona watu hai wamewekwa ndani ya kitu kilichokufa.

Dickens mwenyewe amemrahisishia mfasiri. Ameifananisha merikebu hiyo na safina ya Nuhu iliyogeuka kuwa ya uovu, na safina yajulikana Kayanga kama ijulikanavyo Lamu. Tena ameieleza kuwa imefungwa minyororo kama wafungwa wake. Hapa Kiswahili hakipungukiwi na kitu, maana "mnyororo" ni wa chombo na wa mtu pia, na tangu utawala wa Wadachi neno hilo limebeba kumbukumbu ya watu waliofungwa shingoni pamoja na kupelekwa kazini.

Walakini kasoro moja ni ya mwandishi. Merikebu yake huonekana gizani, na mizinga husikika mfungwa atorokapo. Kazi ya mchana haionekani kabisa. Msomaji wa Karagwe, ajuaye gereza la Kitengule na mashamba yake, atauliza mara moja: wafungwa hawa walifanya nini kutwa? Swali hilo si dogo. Fedha zimfanyazo Pip kuwa bwana zilitoka kwa mfungwa Magwitch, aliyezichuma kwa jasho huko New South Wales, na aibu ya Pip ni kugundua jasho hilo ni la nani. Mfasiri akiificha kazi, aibu hiyo itakosa mzizi.

Yafaa basi aandike "gofu la merikebu la wafungwa wa kazi ngumu" pale litajwapo mara ya kwanza, kisha "gofu" peke yake. Ni maneno mengi kidogo, lakini hakuna moja liwezalo kuondolewa bila hasara.