Kuisoma Cherehani Kabla ya Kutafuta Spea

Fundi mzuri wa cherehani hashiki bisibisi kwanza. Huzungusha gurudumu polepole kwa kiganja huku akisikiliza, kisha huchomoa bobini na kuigeuzageuza kwenye mwanga. Jina lililopambwa kwa rangi ya dhahabu ubavuni halimshughulishi sana, kwani Singer imeigwa dunia nzima, na rangi haishoni nguo.

Kwa mafundi wa Lodwar na Kakuma, huko Turkana kaskazini mwa Kenya, subira hiyo ina hesabu yake. Spea ikiagizwa kutoka mji wa Kitale, hadi Lodwar ni kilomita kama 300, na Kakuma iko mbele zaidi, kilomita kama 120. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na humo kuna washonaji waliotoka Kongo, Sudan Kusini, Somalia na kwingineko. Cherehani ya miguu inawafaa kwa kuwa haidai umeme. Ikikwama kwa sababu ya kipande kidogo kuliko kidole gumba, kipande chenyewe ni cha bei nafuu. Kinachouma ni kuagiza kisichofaa, kikafika, kikarudishwa.

Kwa hiyo mashine husomwa. Singer za zamani zina namba iliyogongwa kwenye kitako. Ikianza na EF, kwa mfano, mashine ilitengenezwa Clydebank, Scotland, katika kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Wenye mashine hupenda sana habari hiyo, na kweli inapendeza kujua kwamba chuma kilichoshona sare za shule Turkana kilivuka bahari. Lakini namba peke yake haimalizi kazi. Muuza spea atauliza bobini.

Hapo ndipo ujuzi ulipo. Bobini ndefu na nyembamba, inayokaa ndani ya shato lenye umbo la mtumbwi, ni ya familia ya Singer 27 na 28 na ndugu zao 127 na 128. Bobini ya mviringo inayolala chini ya kibao karibu na sindano, nyuso zake zikiwa zimebinuka kidogo, ni ya 66. Yenye nyuso bapa, inayosimama ndani ya kesi upande wa kushoto, ni ya 15. Ukiweka ya 66 na ya 15 mezani bila kuzichunguza, utadhani ni mapacha. Fundi huzipitishia kidole tu, akajua.

Familia ya 15 ndiyo rehema ya mafundi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wajapani waliichukua kama kielelezo, viwanda vyao vikatengeneza vipande vinavyoingiliana. Wachina nao wakafuata njia hiyo, na Butterfly ya JA2-1 ni mmoja wa wajukuu hao. Ndiyo maana sindano iliyoandikwa HAx1 huingia kwenye Singer ya babu bila ugomvi. Mwigo, ambao watu huudharau, ndio uliozirefushia maisha mashine za asili.

Hata hivyo undugu una mipaka. Kesi za bobini za 15 zina kidole kidogo cha chuma kinachoingia katika mwanya wake. Kwenye baadhi kimeegemea kulia, kwenye nyingine kushoto. Ukikosea hapo, kesi haikai, na sindano huweza kuvunjika. Skrubu za Singer nazo zina hesi zake zisizolingana na za milimita. Anayelazimisha skrubu ya pikipiki huharibu tundu zima, na huyo mimi simwiti fundi. Mwenye adabu huweka kando cherehani mbovu ya kuchinja, akachomoa skrubu kutoka humo.

Halafu kuna vumbi. Likichanganyika na oili huwa tope linalosaga chuma, na mashine nzito ikadhaniwa imechakaa. Mara nyingi haihitaji spea yoyote: ni kuisafisha kwa mafuta ya taa, kuifuta, kuipaka oili nyepesi ya cherehani, na kukaza mkanda uliolegea. Fundi anayekwambia hivyo, badala ya kukuuzia kipande, mlipe vizuri.

Nawe ukitaka kuagiza kutoka mbali, usitume jina la kampuni peke yake. Piga picha ya namba, ya bobini pande zote mbili, na ya kesi ikionyesha kidole chake kimeelekea wapi.