Kuchagua Chungu Mzumbe

Ukikuta vyungu vimepangwa kando ya barabara ya Iringa, huku Mzumbe, Morogoro, usikimbilie kile kinachong'aa. Kalisha chungu juu ya kiganja, kigonge ubavuni kwa kifundo cha kidole, usikilize. Kilichoiva hulia kama kengele. Chenye ufa, hata ule usioonekana kwa macho, hukoroma. Hicho kirudishe, hata kama umbo lake limekuvutia.

Udongo ndio nusu ya kazi. Maji yanayoteremka milima ya Uluguru huacha mabondeni udongo laini unaonata, ambao ukifinyangwa peke yake hupasuka ukikauka. Ndiyo maana mfinyanzi huuchanganya na mchanga au vigae vilivyotwangwa. Tazama chini, pasiposuguliwa sana: chembe ziwe ndogo, zimeenea sawasawa. Ukiona punje nyeupe ya chokaa, achana nacho. Chokaa iliyopita motoni hunyonya unyevu, ikavimba, na siku moja hubandua gamba zima. Mama aliyefinyanga tangu utotoni huihisi punje hiyo kwa vidole akiwa anakanda, akaichomoa bila hata kuangalia. Nimekaa mara nyingi kutazama mikono ya namna hiyo, na katika ufundi huu sijaona cha kukiheshimu zaidi.

Kisha shika ukuta kwa vidole, ndani na nje. Unene uwe mmoja kuanzia shingoni hadi kitakoni, kwani penye unene na penye wembamba hapatanuki pamoja motoni. Kitako cha mviringo, umbo la kibuyu, hutulia kwenye mafiga na hakina pembe ya kuanzia ufa. Mng'ao wa kweli hutokana na kusuguliwa kwa kijiwe cha mtoni kabla ya kuchomwa. Haubanduki kwa kucha.

Baka jeusi lisikutishe. Vyungu vikichomwa mahali pa wazi, moshi huacha alama yake pale hewa ilipopungua. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Kenya mwaka 1950 na kupata sifa duniani, huupata wekundu na weusi wa vyungu vyake kwa kuongeza au kubana hewa tanurini.

Nakshi za pembetatu zilizochanjwa shingoni ni za kale mno Morogoro. Vyungu vyenye nakshi hiyo vimefukuliwa Dakawa, na umri wake unapita miaka 1,000. Mchanjo mzuri una kingo safi, kwa kuwa ulipigwa udongo ukiwa bado na unyevu.

Mtungi wa maji una sheria yake: lazima utoke jasho. Maji yanayopenya na kukaukia nje ndiyo yanayopoza ya ndani. Ukiupaka rangi ya mafuta umeuziba pumzi. Chungu cha kupikia ndicho cha kuzibwa matundu. Kabla ya mboga ya kwanza, chemshia humo uji mzito kwa moto mdogo, uuache ulale hadi asubuhi, ndipo ukioshe.