Mita 30 za Mary Baker

Mwaka 1946, Sophie Kurys wa Racine Belles alijaribu kuiba besi, yaani kukimbilia besi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe, mara 203. Akafanikiwa mara 201. Ilikuwa aibu kwa wadakaji wa ligi ya kulipwa ya besiboli ya wanawake Marekani, iliyochezwa 1943 hadi 1954, lakini kuwatupia lawama wao ni kuutazama mchezo juujuu.

Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji, kinyago usoni, kinga kifuani. Mkimbiaji akichomoka besi ya kwanza, yeye ndiye wa kuudaka mpira, kuinuka na kuufikisha besi ya pili mapema. Msimu ule besi zilitengana kwa futi 70, kama mita 21. Za wanaume ni mita 27. Tena mkimbiaji aliruhusiwa kusogea kabla mpira haujarushwa. Mdakaji alirusha kwa mshazari, mita 30, mpira wenye mzingo wa sentimita 28. Wa wanaume una 23.

Mary Baker, mzaliwa wa Regina, Kanada, aliidakia South Bend Blue Sox tangu msimu wa kwanza. Tuchukulie alirusha kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa: mita 30 hukatwa kwa sekunde moja na ushee. Hapo hakuna cha kuokoa. Cha kuokoa ni muda wa kuutoa mpira kwenye glavu na kugeuza nyayo. Mkono wenye nguvu husifiwa sana. Kwa maoni yangu, miguu ndiyo huamua.

Na miguu hiyo ilivaa sketi, kwa amri ya ligi.

Mdakaji ndiye anayeuona uwanja wote mbele yake, kwa hiyo haikushangaza Baker alipokabidhiwa umeneja wa Kalamazoo Lassies mwaka 1950. Mpira nao ulipunguzwa hatua kwa hatua, hadi ukalingana na wa wanaume mwaka 1954, msimu wa mwisho.

Afrika Mashariki, Lillian Nayiga wa Uganda ni miongoni mwa wanaocheza nafasi ya mdakaji. Hata bila besiboli, wasichana wa Ifakara, Tanzania, wanaocheza rede wanajua kudaka na kurusha papo hapo, kabla aliye katikati hajajipanga. Walimu wa michezo bonde la Kilombero, pimeni mita 30 uwanjani, shikeni saa, muwarushishe wasichana hao. Anzeni na miguu.