Bila Turufu, Kisha Mpinzani Akaingilia

Mwenzako amefungua mnada kwa 1 bila turufu. Kwa dau hilo moja amekwambia mengi: ana pointi 15 hadi 17, na mkono wake umegawanyika kwa usawa. Wewe una pointi 12. Hesabu imetimia, kwa kuwa pointi 25 kwa kawaida zinatosha kulenga gemu ya 3 bila turufu, yaani kula mizunguko 9 kati ya 13. Uko tayari kutaja 2 pau, swali la Stayman, umuulize kama ana kopa nne au shupaza nne. Kabla zamu haijakufikia, mpinzani aliyekaa kati yenu anataja 2 shupaza.

Tazama alichokupokonya. Mnada wa briji hupanda tu: pau chini, kisha uru, kopa, shupaza, na bila turufu juu ya zote. Kwa dau lake, ngazi zote za 2 pau, 2 uru, 2 kopa na 2 shupaza zimefutika. Stayman imekwenda, na yale madau ya kumhamishia mwenzako kopa au shupaza yamekwenda nayo. Mpinzani hakuhitaji mkono mkali kufanya hivyo, alihitaji shupaza ndefu na ujasiri.

Uzito wa jambo uko kwenye dau moja: 3 kopa. Chukua mikono miwili. Wa kwanza una kopa sita zenye malkia na jeki, na jumla ya pointi 5. Unataka 3 kopa na mnada uishie hapo. Wa pili una kopa tano na pointi 12. Unataka mwenzako aendelee hadi 4 kopa au 3 bila turufu. Yote miwili inataka kutaja 3 kopa. Mwenzako atajuaje ni upi? Akikaa kimya, wa pili umepoteza gemu. Akipanda dau, wa kwanza umeangukia mkataba usioubeba. Hapa kipaji hakisaidii, kwa sababu dau moja limebebeshwa maana mbili zinazopingana.

Dawa yake inaitwa Lebensohl. Ilichapishwa katika jarida la The Bridge World mwaka 1970 na George Boehm, aliyeamini kwamba mbunifu wake ni Ken Lebensold. Lebensold alikana kwamba ni yake, na jina likabaki na tahajia yake yenye kosa. Fikra yenyewe ni nzuri ajabu. Dau la 2 bila turufu linavuliwa maana yake ya asili, ile ya kumkaribisha mwenzako kwenye gemu kwa pointi 8 au 9, na badala yake linakuwa amri: taja 3 pau, usiulize kwa nini. Ukipenda pau unapasi. Ukipenda uru au kopa unazitaja sasa, na mwenzako anajua kwamba mkono wako ni dhaifu na mnada umekwisha. Mwenye nguvu haendi njia hiyo. Anataja 3 kopa moja kwa moja, na dau hilo halipasiwi. Njia zimekuwa mbili za kufika mahali pale pale, na kila njia ina ujumbe wake. Mkono wa pointi 8 au 9 ndio unaolipa gharama, kwa kuwa umepoteza dau lake. Mimi naiona bei hiyo ni ndogo.

Faida kubwa zaidi iko kwenye 3 bila turufu, nayo ndiyo wengi huisahau. Wapinzani wakiwa na shupaza ndefu, swali si pointi mlizonazo, ni nani kati yenu mwenye kizuizi, karata ya kukatiza shupaza zao zisiliwe mfululizo. Wengi wamekubaliana hivi: ukitaja 3 bila turufu papo hapo, huna kizuizi; ukipitia 2 bila turufu kwanza, unacho.

Uone uzito wake kwa mkono. Mfunguaji ana shupaza 8-5, kopa ree-jeki-7, uru mfalme-malkia-8-4, pau ree-mfalme-9-3: pointi 17. Wewe una shupaza 6-4, kopa mfalme-malkia-5, uru ree-jeki-9-3, pau malkia-10-8-2: pointi 12. Jumla 29, utajiri mtupu. Lakini aliyetaja 2 shupaza ana sita, kuanzia ree hadi jeki. Mkicheza 3 bila turufu anakula sita za kwanza mkiwa mnatazama, na mkataba umeanguka kwa miwili. Mkiwa na makubaliano, 3 bila turufu yako ya papo hapo inamwambia mwenzako: pointi zipo, shupaza sina. Naye akiwa hana, anahamia 4 pau, wewe unapandisha hadi 5. Sasa wanakula shupaza mbili tu, kwa sababu ya tatu inakatwa na turufu. Pau zilizobaki zikigawanyika 3-2, mna mizunguko 4 ya pau, 4 ya uru na 3 ya kopa. Ni 11 kamili.

Mfumo huu una jeraha lake. Ukitaja 2 bila turufu, mpinzani wa pili anaweza kupanda hadi 3 shupaza, na mwenzako anabaki gizani: hajui kama una kopa, uru au pau. Ndiyo maana baadhi ya mabingwa wamehamia Rubensohl, ambamo dau la ngazi ya tatu hutaja aina iliyo juu yake, hivyo kopa zako zinajulikana kabla adui hajapanda. Ni bora, ila ina mengi ya kukumbuka, na ninyi mnaokutana mara moja kwa wiki anzeni na Lebensohl.

Kuhusu dabo yako juu ya 2 shupaza, zamani ilimaanisha adhabu: shupaza ninazo, waache waanguke. Leo naipendelea ile ya kumwomba mwenzako achague aina nyingine. Mpinzani akiwa na shupaza tano au sita, mara nyingi wewe una moja au mbili, na dabo ya adhabu itakungoja miezi. Mfunguaji akiwa na shupaza nne, anapasi tu na adhabu inapatikana vilevile. Sharti ni moja: wewe ukipasi na dau likamrudia mfunguaji, akiwa na shupaza mbili tu afikirie sana kudabo, kwa kuwa huenda umekaa kimya ukiwa na tano.

Dau la mpinzani likiwa 2 pau, hesabu ni tofauti. Katika mfumo wa Landy linamaanisha kopa na shupaza kwa pamoja; katika Cappelletti linamaanisha aina moja ndefu isiyotajwa bado, na hamwezi kuulizana kizuizi cha aina msiyoijua. Muulizeni mpinzani maana yake, kanuni zinamlazimu mwenzake aeleze. Kisha dabo yako iwe Stayman ile ile uliyokuwa umeishika mkononi, na madau mengine yote yabaki kama vile hakuna aliyesema kitu.