Juri, Dhamiri na Sheria: Uhakiki wa Mchezo wa Reginald Rose

Miongoni mwa michezo ya kuigiza ya Kimarekani inayopendwa na walimu wa fasihi, mmoja ni Twelve Angry Men wa Reginald Rose, ambao jina lake twaweza kulifasiri kuwa Watu Kumi na Wawili Wenye Hasira. Ulionyeshwa kwanza katika televisheni mwaka 1954, ukatengenezewa filamu mwaka 1957 chini ya uongozi wa Sidney Lumet, na tangu hapo umeigizwa katika nchi nyingi. Mtunzi alipata wazo lake baada ya yeye mwenyewe kuitwa kuhudumu katika juri mjini New York. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba mchezo huu, pamoja na uzuri wake wote, aghalabu hufundishwa kinyume cha unavyosema, na kwamba swali kubwa kuliko yote juu ya juri umeliacha nje ya mlango.

Yafaa kwanza tueleze juri ni kitu gani, kwa kuwa wanafunzi wetu wengi hawajapata kuliona. Juri ni kundi la raia wa kawaida, kwa desturi 12, wasio wanasheria. Huketi mahakamani wakasikiliza ushahidi wote. Jaji huwaeleza sheria. Kisha hujitenga katika chumba cha faragha, wakaamua kama mshtakiwa ana hatia au hana. Katika kesi za jinai hawatakiwi kueleza sababu za uamuzi wao. Nchini Marekani, wakisema mshtakiwa hana hatia, basi kesi imekwisha: serikali haina rufaa.

Mchezo waanza pale mlango wa chumba hicho unapofungwa. Kijana wa mtaa wa mafukara ameshtakiwa kwa kumuua baba yake kwa kisu, na akionekana ana hatia atauawa. Kura ya kwanza yapigwa: 11 wasema ana hatia, mmoja asema hana. Huyo mmoja, mjumbe wa 8, hadai kwamba kijana ni mwema. Ataka tu wazungumze kabla ya kumpeleka mtu kufa. Ushahidi wachambuliwa kipande kwa kipande. Mzee mwenye mguu mbovu alisema aliufikia mlango kwa sekunde 15. Wajumbe wapima hatua zake, waona haiwezekani. Mwanamke aliyesema aliona mauaji kupitia madirisha ya treni iliyokuwa ikipita alikuwa na alama za miwani puani; je, usiku ule kitandani alikuwa ameivaa? Hatimaye wote 12 wakubaliana kuwa kijana hana hatia.

Kwa upande wa fani, sifa za Rose ni wazi. Jukwaa lake ni chumba kimoja, wakati ni alasiri moja ya joto kali, na wahusika hawaitwi kwa majina bali kwa namba. Hata hivyo kila mmoja twamjua kwa kauli yake. Mjumbe wa 3, aliyegombana na mwanawe, amhukumu kijana kwa uchungu wa nyumbani kwake. Mjumbe wa 10 achukia watu wa mtaa ule wote, na anapomwaga chuki yake wenzake wamgeuzia mgongo mmoja baada ya mwingine. Ni tendo lisilo na maneno mengi, nalo lashinda hotuba ndefu.

Tugeukie sasa maudhui. Husemwa mara nyingi darasani kwamba mchezo huu waonyesha huruma ikiishinda sheria. Sivyo. Mjumbe wa 8 hasemi hata mara moja kwamba sheria ya mauaji ni mbaya, wala hawaombi wenzake waiweke kando. Awaomba waitii. Sheria yenyewe ndiyo inayosema kwamba penye shaka ya haki mshtakiwa aachiliwe, nao walikuwa karibu kuisahau. Ushahidi bora wa jambo hili ni mjumbe wa 7. Huyu abadili kura yake na kumwachilia kijana kwa sababu tu amechoka na ataka kuwahi mchezo wa mpira. Mjumbe wa 11, fundi wa saa aliyehamia kutoka Ulaya, amkemea vikali na kumtaka atoe sababu. Kama mtunzi angekuwa anasifu huruma tupu, angeipokea kura ile kwa furaha. Yeye aona kuwa kumwachilia mtu bila sababu ni kosa la namna moja na kumhukumu bila sababu.

Lakini juri laweza kufanya jambo jingine ambalo Rose hakuligusa. Laweza kuona kwamba ushahidi ni kamili na sheria ni wazi, kisha likakataa kumtia mtu hatiani kwa kuwa laiona sheria hiyo, au namna inavyotumiwa, kuwa ni dhuluma. Wanasheria wa Uingereza na Marekani wamebishana juu ya uwezo huu kwa zaidi ya miaka 300.

Kesi inayotajwa sana ni ya London mwaka 1670. William Penn na William Mead, waumini wa dhehebu la Marafiki, ambalo leo lina wafuasi wengi magharibi ya Kenya, walishtakiwa kwa mkutano haramu baada ya Penn kuhubiri barabarani, nyumba yao ya ibada ikiwa imefungwa. Wajumbe wa juri walikubali kuwa Penn alisema mbele ya watu, lakini wakakataa kuliita jambo hilo hatia. Walifungiwa bila chakula, bila maji wala moto, ili walegee. Hawakulegea, wakatozwa faini kila mmoja na kupelekwa gerezani. Mjumbe mmoja, Edward Bushell, alikataa kulipa, akapeleka shauri lake mbele ya majaji. Jaji Mkuu John Vaughan akaamua kwamba mjumbe wa juri hawezi kuadhibiwa kwa sababu ya uamuzi wake. Kwa uamuzi huo mlango wa chumba cha juri ulifungwa kweli kweli, hata mfalme asiweze kuufungua.

Mtu akiishia hapo, atalisifu juri bila kipimo. Hapana budi asome na kesi ya pili. Mwezi Septemba mwaka 1955, mwaka mmoja baada ya mchezo wa Rose kuonyeshwa kwa mara ya kwanza, wanaume wawili weupe walishtakiwa katika mji wa Sumner, jimbo la Mississippi, kwa kumuua Emmett Till, mtoto mweusi wa miaka 14. Wajumbe wote 12 walikuwa wanaume weupe. Walijitenga yapata saa moja tu, wakarudi na kusema washtakiwa hawana hatia. Miezi michache baadaye washtakiwa hao walikiri mauaji hayo katika gazeti, na hawakuweza kushtakiwa tena kwa kosa hilo. Mlango uliomlinda Bushell ndio huo huo uliowalinda wauaji wa Till.

Hapa ndipo udhaifu wa mchezo unapoonekana. Rose hakuuliza nani hayumo chumbani. Wajumbe wake wote ni wanaume, na katika filamu wote ni weupe. Hakuna hata mmoja atokaye leo katika mtaa wa kijana yule, ingawa mjumbe wa 5 alikulia katika mtaa wa namna hiyo. Haki yapatikana kwa kuwa mtu mmoja mwenye dhamiri alitokea kuwamo. Tena mtu huyo avunja kanuni: alikwenda peke yake akanunua kisu kinachofanana na cha ushahidi, akakichomeka mezani. Jukwaani twashangilia. Mahakamani hilo ni kosa, maana mjumbe hana ruhusa ya kuleta ushahidi wake mwenyewe usiojibiwa na upande wa pili. Mtunzi aliufunika mwanya huo kwa ufundi wa jukwaa, nasi walimu twapaswa kuufunua.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo jingine la kuangaliwa. Waingereza walipoleta mahakama zao, juri hawakutupa. Katika Kenya ya kikoloni, Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alihukumiwa mbele ya juri la Wazungu wenzake, ilhali Mwafrika aliwekewa jaji na wazee washauri. Uganda na Tanganyika nazo zilirithi utaratibu wa wazee washauri. Kenya iliufuta mwaka 2007. Wazee hawa walisikiliza kesi na kutoa maoni, lakini maoni yao hayakumfunga jaji. Wangeweza kusema mtu hana hatia, na jaji akamtia hatiani, mradi aeleze sababu zake. Kwa hiyo dhamiri ya raia ilisikika bila kuwa na nguvu. Katika juri ina nguvu bila kutakiwa kujieleza. Mwanafunzi aulizwe ni lipi bora, wala asiharakishwe kujibu.

Tofauti hii yatudai uangalifu wa lugha. Baadhi yetu hufasiri juri kuwa wazee wa baraza. Neno hilo lina wenyewe: ni hao washauri. Mwanafunzi akilisoma katika mchezo wa Rose, atadhani kuna jaji nyuma ya mlango awezaye kuwakatalia, na mchezo wote utapoteza uzito wake, kwani hofu yake yatokana na kuwa neno la hawa 12 ndilo la mwisho. Naonelea tutumie juri, neno ambalo limekwisha kuzoewa, na wajumbe wa juri. Na kile kitendo cha kukataa kuitumia sheria, wengine wamependekeza kukiita kutangua sheria. Neno ni zuri kwa sauti, lakini lapotosha. Kilichotanguliwa hakipo tena, ilhali sheria iliyokataliwa na juri katika kesi moja hubaki kitabuni, ikamngoja mshtakiwa wa kesho. Kuiweka sheria kando ni kauli ndefu zaidi, lakini yasema kweli.

Nashauri basi mchezo huu uendelee kufundishwa, lakini usifundishwe peke yake. Darasa lisome kura ya mjumbe wa 7, kisha lielezwe habari za Bushell, kisha za Sumner, na kila mwanafunzi aandike: kama mimi ningekuwamo katika vyumba hivyo vitatu, ningetoa sababu gani mbele ya wenzangu? Swali hilo litawafaa zaidi kuliko kukariri dhamira tatu za mtihani.