Watunza Santuri wa Redio

Nyimbo za bendi za NUTA Jazz na Western Jazz, zilizochezesha Kariakoo miaka ya 1960, zingali hai kwa sababu kuna watu waliozitunza katika maktaba ya Redio Tanzania Dar es Salaam, sasa TBC.

Kazi ya mtunzaji ni ya subira. Santuri hushikwa ukingoni, kidole kisiguse mifereji. Vumbi hufutwa kwa kitambaa laini kufuata mzunguko. Maji ya kuoshea yasiwe na chumvi, na lebo isilowe. Santuri zikikauka husimamishwa wima, maana zikirundikwa kwenye joto la Dar hupinda. Unyevu wa pwani nao huleta ukungu.

Kanda za sauti ndizo zinazoumiza kichwa zaidi. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, hivyo nyimbo nyingi zilibaki kwenye kanda tu.

Watunzaji hawa wapewe vyumba vyenye ubaridi wa kudumu.