Farasi wa Suna Wana Masikio ya Punda

Kuna lojingi moja hapa Suna, mwendo mfupi kutoka steji ya Migori, ambayo ukumbi wake wa kulia una picha tatu za farasi. Zote ni nakala za kazi za Renesansi, ile enzi ya karne ya 15 na 16 ambayo Italia ilijaza kuta zake farasi na watakatifu. Zimechorwa kwa mkono na fundi wa mabango. Kazi yake nyingine umeiona hata kama humjui: ng'ombe mnene kwenye ukuta wa bucha, kichwa kilichonyolewa kiduku kwenye mlango wa kinyozi.

Mwenye lojingi anataka kuzishusha. Ati wageni wanacheka, farasi wanafanana na punda. Ameshaulizia bei ya picha za kuchapishwa kutoka Nairobi, safi, zenye kung'aa. Kabla hajalipa, nataka tuziangalie vizuri, maana hata mimi nilicheka.

Kubwa kuliko zote ni ya Paolo Uccello, Vita vya San Romano, ambapo Florence ilipigana na Siena mwaka 1432. Uccello alichora vita hivyo mara tatu. Leo picha moja iko London, moja Florence, moja Paris. Fundi wetu amenakili ile ya London. Ina upana wa zaidi ya mita 3, naye ameibana kwenye plaiwudi ya futi 8 kwa 4, kwa rangi ya mafuta ile ya kupaka milango. Kwa hiyo vilima vya nyuma vimekatwa juu. Waliobaki ni kamanda Niccolò da Tolentino juu ya farasi mweupe, kofia yake kubwa ya nyekundu na dhahabu, mikuki iliyovunjika ikiwa imelala chini kama mistari ya daftari, na ua wa miti yenye machungwa. Machungwa yametoka vizuri kushinda yale ya London, sioni haya kusema.

Sasa farasi. Masikio ni marefu, kweli. Miguu ya nyuma ni ya ng'ombe, hilo pia sikatai. Nilipomuuliza fundi, hakukasirika. "Nyathina," akaniambia, "faras nimemwona kwa simu tu. Punda namwona kila asubuhi."

Na ndivyo ilivyo. Farasi huuawa upesi na nagana, ugonjwa unaosambazwa na mbung'o, na Bonde la Lambwe hapo Homa Bay lina sifa ya mbung'o tangu enzi za babu zetu. Kichekesho ni kwamba ndani ya bonde hilo hilo, Hifadhi ya Taifa ya Ruma inawalinda korongo wa mwisho wa Kenya (swala, si ndege), na jina lao la kisayansi ni Hippotragus equinus. Hilo jina limetaja farasi mara mbili, kwa Kigiriki na kwa Kilatini. Tumekosa farasi, tumepewa jina.

Lakini hebu turudi kwa Uccello, aliyeishi katika mji ambao farasi walipita mlangoni kila siku. Mwaka 1436 alichora kwenye ukuta wa kanisa kuu la Florence askari wa kukodiwa, Mwingereza John Hawkwood, akiwa juu ya farasi. Zaidi ya miaka 100 baadaye Giorgio Vasari alilalamika kwa maandishi: farasi yule ameinua miguu miwili ya upande mmoja kwa pamoja, na akitembea hivyo ataanguka. Hakuna aliyeenda kuufuta ukuta. Hata wale wa San Romano wamekauka kama wamechongwa kwa mbao, kwa sababu Uccello alikuwa amelewa hesabu za umbali, akajali zaidi mikuki inavyoelekea nyuma kuliko mnyama anavyopumua.

Farasi mweupe wa Suna anapumua. Ana tumbo. Shingo yake inavuta mbele kama punda anayepanda kutoka mtoni na mitungi ya maji, na ghafla yule kamanda mwenye kofia ya sherehe anaonekana ni mzigo. Uccello hakusema hivyo. Ni fundi amesema, na kwa kusema hivyo amenifanya niirudie picha ya London kwenye simu yangu na kuiona upya: vita vinavyopendeza kupita kiasi.

Nakala ya Leonardo ni ndogo, ya penseli na makaa, imewekwa pembeni karibu na sinki. Ni Vita vya Anghiari, ambavyo Leonardo alianza kuvichora ukutani Florence mwaka 1505 na hakumaliza. Ukuta wenyewe hauonekani tena. Tunachokijua zaidi ni mchoro ulio Louvre, nakala ya mtu mwingine ambayo Rubens aliichukua akaiongezea mkono wake, naye pia hakuwahi kuuona ukuta. Yaani fundi wa Suna amenakili nakala ya nakala, na yuko kwenye foleni moja na Rubens. Meno ya farasi ameyapatia. Miili imemshinda, imekuwa uji.

Ya tatu nitasema wazi: haina uhai. Ni Mtakatifu George wa Raphael, ambayo asili yake iko Washington na ina urefu wa kama sentimita 28 tu, picha unayoweza kuibeba chini ya kwapa. Fundi ameikuza hadi urefu wa mlango, akaichorea mistari ya miraba, akajaza kila mraba kwa adabu. Hakuna kosa hata moja la kucheka. Ila yule farasi wa Raphael anageuza kichwa kututazama katikati ya ile vurugu, na huyu wa Suna macho yake yameangalia hewani, kama mtu kwenye picha ya kitambulisho.

Jana nilimwambia mwenye lojingi kwamba kama ni lazima ashushe, aanze na hiyo. Alinitazama kama mimi ndiye sielewi picha. Hiyo, akasema, ndiyo pekee atakayoiacha.